Zip imegoma kufunguka? Usiifute kwanza: mwongozo kamili wa mafaili mabovu, na ule ugomvi wa "mfumo ni wa nani"

Jumatatu moja mama mmoja anayeuza dagaa wa jumla pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kaingia kibandani kwangu, flashi kaifunga kwenye pindo la kanga kama mtu aliyeficha nauli. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, afu hata kukaa hajakaa: "Yule kijana kaniibia. Hela nimemaliza kumlipa, kaniachia kitu kimefungwa, ufunguo kabaki nao mwenyewe." Kitu chenyewe ni mfumo wa kuhesabu magunia yanayoingia na yanayotoka na nani anadaiwa, kijana kauandika, kauweka kwenye zip moja (faili lililobanwa, lenye mafaili mengi ndani), kampa linki. Mjukuu wa mama kashusha kwa simu, kahamishia kwenye flashi, wakiweka kwenye laptopu Windows inasema folda ya zip ni batili. Kijana yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na simu haipatikani toka Jumamosi.

Kwa hiyo hapo kuna kesi mbili kwenye flashi moja, faili bovu na ugomvi wa mali, na mama alikua ameshazichanganya zimekua moja. Wengi wanafanya hivo. Naandika hapa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, fuata kama ulivo, usiruke.

Kabla ya yote, usifute na usishushe upya juu yake

Najua mkono unawasha. Faili limegoma, unalifuta, unashusha tena, bando la usiku linaisha, linagoma tena palepale. Faili bovu lina taarifa ndani yake ya nini kilitokea, ukilifuta umefuta ushahidi. Likopi kwanza toka kwenye flashi kwenda kwenye diski ya kompyuta, fanya kazi kwenye kopi, la kwenye flashi liache. Na kama kukopi kwenyewe kunakwama katikati au kunatoa eraa, basi faili halina kosa, flashi ndo inakufa.

Angalia ukubwa, na angalia kwa baiti

Bofya kulia, Properties, soma ile namba ndefu ya baiti, achana na ile ya MB iliyokatwakatwa. La mama lilikua na baiti 311,427,072. Mjukuu alikua bado na meseji ya kijana kwenye simu, kaandika "ni kama MB 412". Sasa 311,427,072 ni MB 297. Hapo nilishajua nusu ya kesi kabla sijafungua chochote, faili limekatika njiani.

Watu hapa wananibishia: "Lakini iliandika imekamilika!" Ndio iliandika. Seva nyingine haziiambii brauza mapema faili lina ukubwa gani, sasa mtandao ukikatika au bando likiisha brauza inaona maji yameacha kutoka bombani, inadhani ndoo imejaa. Neno "imekamilika" lisikudanganye, amini namba.

Dalili tatu za kuzijua. Ukikuta faili lina KB chache tu, tuseme 4 au 12, hilo sio faili lako, ni ukurasa wa wavuti uliojiita jina la faili lako: ule wa kukuambia ingia kwanza akaunti, au ule wa wifi ya hoteli, au ule wa linki imeisha muda. Ukikuta faili kubwa limeishia karibu kabisa na baiti 4,294,967,295, flashi yako imeformatiwa FAT32, mpangilio wa zamani ambao haubebi faili moja la kuzidi hapo hata iwe na nafasi ya GB 60, iformati exFAT (ukishahamisha vitu vyako jamani). Na ukikuta jina linaishia .crdownload au .part, hilo bado lilikua linashuka, kubadilisha jina liwe .zip hakulikamilishi, ni sawa na kubandika bei kwenye kapu tupu.

Soma herufi za mwanzo

Hii ndo napenda kuwaonyesha watu, wanashangaa. Fungua faili kwa Notepad. Kama ni kubwa sana Notepad itahangaika, tumia programu ya kusoma hex (inayoonyesha faili baiti moja moja), HxD ni ya bure. Utaona takataka nyingi, zipuuze, angalia herufi mbili tatu za mwanzo tu. Zip inaanza na PK. Ndugu zake, aina nyingine za mafaili yaliyobanwa, ni rar na 7z. Rar inaanza na Rar! na alama ya mshangao juu. 7z inaanza na 7z. Ukiona inaanza na `<!DOCTYPE html` basi ni ule ukurasa wa wavuti niliosema, soma maandishi yake humo humo utakuta sababu imeandikwa.

Mara nyingine kosa ni jina tu, mtu katumiwa rar, simu ikaiandika .zip, Windows inagoma. Herufi za mwanzo hazidanganyi hapo. Na ukifungua hivo faili la docx, xlsx, epub au apk utakuta nayo PK, kwa sababu yote hayo ni zip zilizovaa nguo nyingine, kwa hiyo ripoti ya Word iliyogoma kufunguka siku ya mwisho ya kukabidhi chuoni nayo inatibiwa kwa njia hizi hizi.

Hizo PK ni herufi za jina la mtu, nitarudi kwake.

Kwa nini zip iliyokatika inagoma yote wakati vitu vimo?

Fikiria boti ya mizigo inatoka Ukerewe. Kila gunia lina lebo yake ndogo, lakini orodha kamili ya mizigo anaibeba karani anayeshuka wa mwisho kabisa. Sasa boti imefika, magunia yanaonekana kwa macho, karani kabaki kule. Mtu wa getini anayefuata orodha anakwambia hamna mzigo hapa, rudini.

Zip imejengwa hivo hivo, orodha kuu inakaa mwisho wa faili. Ukikata mkia hata wa baiti chache orodha inapotea, na Windows ndo mtu wa getini, haangalii magunia. 7-Zip, programu ya bure ya kufungua mafaili yaliyobanwa, ana moyo kidogo, orodha ikikosekana anapita kusoma lebo za gunia moja moja, kwa hiyo mara nyingi zip ambayo Windows kaikataa yeye anaifungua na kukwambia "Unexpected end of archive", maana yake mzigo umeishia kabla ya mwisho. Rar nayo inaweka maelezo mbele ya kila faili, ikikatika unaokoa ya mwanzo. 7z ndo ngumu, orodha iko mwisho na mara nyingi imebana vitu vyote pamoja kama dagaa waliopigwa kwenye gunia moja, ikikatika mi huwa namwambia mteja moja kwa moja aombe upya.

Eraa nyingine utakayoiona ni "CRC failed" au "Data error". Hii ni tofauti, hapa urefu upo lakini yaliyomo yamebadilika. Kila faili ndani ya zip lina namba ya ukaguzi inaitwa CRC-32, likifunguliwa namba inapigwa upya, zisipolingana inapiga kelele. Hapo shuku flashi, kebo, au RAM (kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi).

Kuhusu flashi niseme kidogo kwa uchungu. Zipo zinazotembezwa mkononi kwa bei ya kutupa, zimeandikwa GB 128 na ndani kuna 8, ukijaza inapokea kila kitu inatabasamu, unakuja kusoma ni hewa. Ijaribu kabla ya kuiamini, H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux, inaandika mpaka ijae afu inasoma tena. Inachukua muda, iache ijaribu we kanywe chai.

Je imefungwa kwa paswedi au imeharibika?

Hapa ndo kesi ya mama ilipogeuka. Zip ya kawaida ikifungwa kwa paswedi bado inafunguka na kukuonyesha majina ya mafaili yote, kinachofichwa ni yaliyomo. Ukitaka kutoa ndo inauliza paswedi, na kwenye 7-Zip safu ya Encrypted inakua na alama ya kujumlisha. Rar na 7z zinaweza kuficha hata majina, lakini nazo zinakuuliza paswedi wazi wazi, haziji na lugha ya "batili".

Nikaifungua ya mama kwa 7-Zip: majina yanaonekana, alama ya kujumlisha hamna hata moja, paswedi haijaulizwa, na chini eraa ya kuishia njiani. Nikamgeuzia skrini. "Mama, huyu kijana hajafunga kitu. Bando la mjukuu liliisha." Mama kanyamaza, afu kauliza, "Sasa mbona simu hashiki?" Hilo mi sina programu yake.

Kuokoa kilichopo

Kwa Windows, fungua kwa 7-Zip, chagua vyote, toa, eraa zikija usizime, mafaili mazima yatatoka mazima na lililokatikia katikati ndo litakua bovu. Ukiwa na WinRAR, programu nyingine ya kubana na kufungua, kuna kitufe cha Repair, wakati wa kutoa weka tiki "Keep broken files" asije akakutupia nusu iliyobaki. Ila Repair ya rar inafanya maajabu tu kama aliyeitengeneza aliweka rekodi ya uokoaji (data ya ziada ya kuzibia mapengo) toka mwanzo, kwa hiyo ukiwa wewe ndo unatengeneza weka asilimia 5 hivi, faili linanenepa kidogo lakini utanishukuru.

Kwa Linux, na mi ndo natumia:

`unzip -t mfumo.zip` kupima bila kutoa kitu.

`zip -FF mfumo.zip --out mpya.zip` kujenga orodha upya kutoka kwenye lebo. Itakuuliza kama ni zip ya diski moja, jibu y. Usitumie jina lile lile kwa faili jipya.

Ya mama ilitoa sehemu kubwa, picha za bidhaa, kurasa za mfumo, karibu zote. Kilichokosekana ni kile kilichokua mwishoni, hifadhidata yenyewe yenye madeni ya watu. Baiti ambazo hazikufika hazipo, hakuna fundi wa kuzirudisha, akikwambia anaweza kwa elfu hamsini mwombe akuonyeshe kwanza.

Kushusha upya bila kuchoma bando

Usianze sifuri. `wget -c linki` au `curl -C - -O linki` inaendelea palipoishia, kama seva inakubali. Angalizo moja, kama mwenye faili kalibadilisha katikati utaunganisha kichwa cha jana na mkia wa leo, urefu utalingana na ndani ni uji. Ndo maana unahitaji hashi.

Hashi ni alama ya kidole ya faili. Ukibadilisha baiti moja tu inabadilika yote. Windows fungua Command Prompt andika `certutil -hashfile mfumo.zip SHA256`, Linux `sha256sum mfumo.zip`, Mac `shasum -a 256 mfumo.zip`. Utapata herufi na namba 64. Anayetuma anapiga kwake, anakutumia kwa meseji, unapiga kwako, zikilingana faili ni lile lile. Ukipiga mara mbili kwenye kompyuta moja ukapata majibu mawili tofauti, faili halihusiki tena, hiyo ni RAM au flashi au tundu la USB, peleka mashine kwa fundi.

Na we unayetuma, hasa kwenda visiwani, kata faili vipande. 7-Zip ina sehemu ya "Split to volumes", andika 50M, utapata .001, .002 na kuendelea. Kipande cha tano kikiharibika unarudia hicho kimoja. Mpokeaji aweke vyote folda moja afungue .001 tu, sio kila kimoja, nimeshapigiwa simu saa tano usiku na mtu anafungua .006.

Sasa mfumo ni wa nani

Nilisema nitarudi kwenye PK. Miaka ya 80 huko Marekani kulikua na kampuni ndogo inaitwa SEA, ya Thom Henderson, ilitoa 1985 programu ya kubana mafaili iitwayo ARC, na sosi kodi yake (maandishi ya programu yenyewe, yale anayoandika programa) ilikua inapatikana. Phil Katz wa Wisconsin akatoa ya kwake, PKARC, inafungua mafaili yale yale kwa kasi kubwa zaidi, watu wakaikimbilia. 1988 SEA wakampeleka mahakamani kwamba kanakili kazi yao, kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka huo huo. Katz akaacha ARC, akatengeneza muundo mpya, 1989 ukatoka kwa jina la ZIP, na maelezo yake akayaacha wazi kila mtu atengeneze programu ya kuusoma. Alifariki 2000 akiwa na miaka 37, herufi za jina lake ziko mwanzo wa zip ya dagaa wa Mwaloni.

Ninachokiona mi pale ni mambo matatu ambayo watu wanayaweka kapu moja: programu, sosi kodi yake, na muundo wa faili. Unaweza kua na haki na kimoja, vingine huna. 7-Zip ya Igor Pavlov ni huria, ofisini unaitumia bure kihalali. WinRAR ni ya kujaribu siku 40, inaendelea kufunguka baada ya hapo lakini kuendelea kufunguka sio leseni, biashara inatakiwa ilipe. Sosi kodi ya kufungua rar, ile unRAR, inatolewa bure, ila masharti yake yanakataa kuitumia kutengeneza programu ya kubana rar.

Turudi Mwaloni. Mama anasema nimelipa, mfumo wangu. Kijana (alipatikana Jumanne, simu iliangukia majini, ndo hivo) anasema nimemuuzia matumizi, sosi kodi ni yangu, kuna duka la Igoma nalo nataka kuliwekea. Nani ana haki? Mi sio wakili. Ila nilipouliza karatasi iko wapi wote wawili walitazama chini. Walikubaliana kwa mdomo kwenye kivuko.

Hakimiliki haisubiri usajili, kazi ikishaandikwa ina ulinzi, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ambayo inagusa programu za kompyuta, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndo pa kusajili ukitaka karatasi ya kuonyesha. Lakini kusajili hakujibu swali la mama, anayelijibu ni mkataba. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, uandike haya: nalipia nini, kutumia tu, au na sosi kodi, au na haki zote hadi kuuza kwa wengine. Data za ndani ni za nani (za mama, hapa usikubali ubishi). Domeni (anwani ya mtandaoni) na hosti (seva unapokaa mfumo) zimesajiliwa kwa jina la nani, maana nimeona mtu ana haki zote kwenye karatasi na domeni iko kwenye akaunti ya programa aliyenuna. Vipande vya bure vilivyotumika ndani na leseni zake, kwa sababu programa hawezi kukuuzia umiliki wa kitu ambacho sio chake. Na nani anarekebisha likiharibika, kwa muda gani.

Siku ya kukabidhi weka kwenye zip moja sosi kodi, kopi ya hifadhidata, na faili la maelezo ya kusimika. Paswedi za seva usizitie humo, zitoe kwa mkono, mama azibadilishe siku hiyo hiyo. Ijaribu zip mbele ya wote wawili kwenye kompyuta ambayo sio ya programa. Piga hashi, iandike kwenye hati ya makabidhiano, tarehe, saini mbili na shahidi.

Hashi ya nini tena hapo? Kwa sababu tarehe zilizo ndani ya zip sio ushahidi, zinatoka kwenye saa ya kompyuta, mtu akirudisha saa nyuma zip inarudi nyuma naye. Hashi iliyosainiwa inaonyesha kwamba kilichokabidhiwa siku ile ni hiki hapa na hakijaguswa. Haionyeshi nani alikiandika, hiyo ni kazi ya mkataba, usiibebeshe mzigo usio wake.

Kijana kavuka Alhamisi na laptopu yake. Walikubaliana mama ana sosi kodi na data zake, anatumia na kubadilisha anavotaka, haiuzi. Kijana anaruhusiwa kumwekea mwingine ila sio ndani ya Mwaloni. Hiyo ya mwisho kaitoa mama, na hakutaka kushuka. Printa yangu ilikua haina wino, kwa hiyo hashi tuliiandika kwa kalamu nyuma ya risiti, mama anatamka kutoka kwenye skrini herufi moja moja na miwani yake kwenye ncha ya pua, kijana anaandika, na walipofika ya arobaini hivi mama kamgusa mkono: "Rudi nyuma. Hapo nimesema b, wewe umeandika nane."